Jeneza Tulilopimia Gari

Ndugu zangu, mmeniuliza kwa nyakati tofauti, wengine sokoni, wengine mlangoni pa msikiti, na mmoja aliniuliza nikiwa bado natawadha, kama ni kweli nilikwenda Magoma nikakuta kaburi langu limechimbwa. Ni kweli. Nililiona kwa macho haya, udongo wake ukiwa bado mbichi. Kwa kuwa kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake, na wapo waliokwisha kuitia hata majini, nimeona niiandike mwenyewe kama ilivyokuwa. Mambo ya benki, mikutano na mihuri nitayaruka. Hayo yana wenyewe.

Kwa nini tulitoka

Asiyejua na ajue kwanza tulikuwa tunatafuta nini. Kijiji chetu kiko ndani kutoka Handeni, mahali ambapo gari la wagonjwa hufika likipenda. Masika iliyopita mke wa jirani yangu Yohana, tuliyemwita Mama Paulo, alizidiwa. Akapakiwa kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mwanawe nyuma akimshikilia asianguke. Walipofika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho, na mwanawe hakujua ni wapi njiani. Kurudi, mwili uliletwa juu ya lori la mkaa, miguu ikitokeza nje ya bodi. Nimesomesha Kurani tangu ujana wangu na nimezika watu wengi, lakini ile miguu ilinishtua mno. Hata leo nikifumba macho naiona.

Tukakubaliana, msikiti na kanisa, kila nyumba itoe ilichojaliwa, tununue pikapu ya kijiji. Iwe ngumu, ya kubeba mgonjwa, maiti na mahindi. Mungu akajalia, fedha zikatimia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Vijana walitaka ya Kichina, mpya, yenye milango minne. Wazee tulitaka ya Kijapani, yenye kebini moja na bodi ndefu, gari ambalo hata fundi wa baiskeli analijua. Watu waligawanyika kama mashabiki wa mpira. Ndugu wawili wa tumbo moja waliacha kusalimiana.

Mwishowe wakatutuma wawili tukazione zote mbili, na neno letu liwe la mwisho: mimi kwa upande wa msikiti, Yohana kwa upande wa kanisa. Yohana ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku kukata mkonge. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mnajua mtani hachungi ulimi, hata msibani. Siku ya kifo cha ndugu yangu alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka hadi apewe jogoo. Tulimpa.

Wazee wakasema tusirudi na maneno ya muuzaji. Tupime jeneza la msikiti, lile tunalobebea kila maiti, linaingia katika bodi ipi. Mtu mmoja akashauri tupime kwa kamba. Wote wakamgeukia, maana ndiye aliyepima kwa kamba mlango wa stoo ya msikiti, na tangi la maji tulilolinunua liko nje mpaka leo.

“Chukueni jeneza lenyewe,” wakasema.

Basi tukalichukua.

Handeni hadi Korogwe

Tulilifunga kwa turubai ili lisitishe watu. Lilipokwisha kufungwa lilitisha zaidi.

Konda wa basi dogo pale stendi ya Handeni alilitazama, akamtazama Yohana, kisha akanijia mimi kwa sababu ya kofia yangu.

“Shikamoo mzee. Poleni sana, ila mwili hatubebi.”

“Marahaba. Si mwili, mwanangu. Ni jeneza tupu.”

“Tupu? Mnalipeleka wapi tupu? Kuna mtu mmemwahidi?”

Yohana akadakia, “Tunatafuta Mzigua wa kulijaza. Wewe kabila gani?”

Konda alicheka, akakubali liwekwe juu. Abiria hawakucheka. Mama mmoja alishuka na mtoto wake, akasema atasubiri basi linalofuata. Mwingine alikaa karibu yangu akalia kimya kimya hadi tulipopita Sindeni. Nilipomweleza kwamba hakuna aliyekufa, alinishika mkono. “Najua, baba,” akasema. “Mwanzoni wote tunasema hivyo.” Aliposhuka alinitilia rambirambi mfukoni. Nilimwita nimrudishie, lakini basi likaondoka. Nilistaajabu. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akifarijiwa kwa nguvu.

Korogwe, uwanja wa magari

Ya Kichina ilikuwa inauzwa na binti mmoja aitwaye Neema, mtu wa Arusha, mchangamfu, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alituamkia vizuri, akatuletea chai na chapati. Akaanza kueleza nguvu za injini. Alikuwa katikati ya maneno tulipolifungua turubai. Akaweka kikombe chini.

“Wazee wangu, hilo la nini?”

“Kipimo,” nikasema.

Tulilipandisha kwenye bodi. Liliingia, likagonga kebini, na bado likatokeza nyuma kiasi cha mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikaiona tena ile miguu juu ya lori la mkaa. Nikamwambia Neema hapana.

“Mzee wangu,” akasema taratibu, “nimeuza magari mengi. Kuna anayepima kwa magunia, kuna anayepima kwa ng’ombe. Wa jeneza ndiye wewe wa kwanza. Hebu kaa kwanza kiti cha nyuma uone.”

Yohana alikaa. Mimi sikukaa. Nilisema tumekuja kutazama bodi, si viti.

Neema hakukasirika. Alituomba kesho yake atuendeshe mwenyewe hadi Magoma na Kerenge, tuone gari lake linavyopita kwenye tope na vilima. Nilikubali kwa sababu Magoma ndiko kwetu hasa. Baba na mama yetu wamezikwa huko, na dada yangu mkubwa, Mwantumu, anaishi huko. Nikasema angalau nitamwamkia.

Mnyuzi

Ya Kijapani ilikuwa Mnyuzi kwa mkulima mmoja, Mzee Kihiyo, Msambaa mpole mwenye mashamba karibu na reli. Alitufuata Korogwe na gari lenyewe. Jeneza liliingia lote, mlango wa bodi ukafungwa, na bado pakabaki nafasi ya watu kukaa ubavuni. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee Kihiyo akatupeleka kwake Mnyuzi, tukala bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki, na machungwa tuliyomenyewa bila kuhesabiwa. Adhuhuri ilipoingia nikaenda msikitini. Niliporudi nilimkuta Yohana ameegemea gari, anacheka peke yake.

“Unacheka nini, Mnyamwezi?”

“Nimekuzika.”

“Umenizika wapi?”

“Hapa hapa. Kuna bwana wa pikipiki kaja kununua machungwa. Kaona jeneza, kavua kofia, kaniuliza ni nani. Nikamwambia ni Maalim wa Handeni, kafa jana kwa kula bada kama gunia.”

“Akasemaje?”

“Kasema innalillahi. Akauliza, yule mdogo wake Bi Mwantumu? Nikamwambia huyohuyo, hana mwenzake kwa ulafi.”

Nami nilicheka, nakiri. Kwetu mtu akiletewa habari ya msiba, kwanza humtazama anayeileta. Akiwa ni mtani, huuliza kwa mtu mwingine kabla ya kulia. Sikufikiri kwamba yule bwana hakumjua Yohana ni nani kwangu. Aliona mzee mwenye mvi kasimama kando ya jeneza, basi. Wala sikuuliza ameelekea wapi na machungwa yake.

Jioni tulirudi Korogwe. Nyumba tuliyolala haikuwa na umeme, na simu tuliyokuwa nayo ni moja, yangu. Ikazima.

Njia ya Magoma

Asubuhi Neema alikuja. Tulilipakia jeneza kwenye gari lake kwa sababu hatukuwa na pa kuliacha. Kwa kuwa lilitokeza, akafunga kitambaa chekundu mwishoni, kama sheria inavyotaka.

Mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilikwenda vizuri, sina budi kusema haki. Mahali ambapo lori lilikuwa limekwama na watu wanasukuma, sisi tulipita pembeni bila kelele. Neema alinitazama kwenye kioo, nikajifanya natazama mashamba.

Lakini kila tulipopita watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliketi chini kando ya njia na mizigo yao. Nikamwambia Yohana watu wa upande huu wana heshima kubwa kwa maiti wasiyemjua. Tulipokaribia Magoma, bodaboda nne zikatutangulia, taa zinawaka mchana, zinakwenda polepole.

“Hawa vipi?” Neema akauliza.

Yohana alinigeukia.

“Mtani,” akasema, “yule bwana wa machungwa. Sikumuuliza anatoka wapi.”

Magoma

Uani kwa dada yangu palikuwa pamejaa. Maturubai yamefungwa, majamvi yametandikwa, sufuria za msiba ziko mekoni. Wanaume walisimama wote kwa pamoja gari liliposimama. Shehe wa pale, ambaye nilisoma naye utotoni, alikuja na vijana sita kupokea jeneza. Wakalishika. Likanyanyuka haraka mno, kama mtu anyanyuavyo ndoo akidhani imejaa. Wakatazamana.

Mimi nikafungua mlango nikashuka. Nilisema, “Assalaamu alaykum.”

Wanipendao na wasionipenda, wote waliniangalia wasinijibu salamu. Kijana mmoja aliachia mkono wa jeneza, likaanguka upande mmoja. Shehe alinigusa shavu kwa kidole, kisha akakaa chini palepale kwenye tope na kanzu yake nyeupe.

Nilielezwa baadaye ilivyokuwa. Bwana wa machungwa alifikisha habari jana yake jioni. Wakapiga simu yangu, imezimwa. Wapwa zangu hawakuamini, wakampigia jirani yetu kijijini. Hawakutaka kumshtua mke wangu, kwa hiyo wakauliza kwa adabu, “Jeneza la msikiti limetoka?” Jirani naye akajibu ukweli mtupu: “Limetoka leo asubuhi, limekwenda na Yohana.” Na kila mtu wa ukoo wangu anajua usia wangu, kwamba nizikwe Magoma ubavuni mwa baba. Yote yaliafikiana. Tumefundishwa tusimcheleweshe maiti, basi alfajiri vijana wakashika majembe.

Kaburi nililiona palepale nilipokuwa nimesimama, maana makaburi yetu yako nyuma ya nyumba tu. Ubavuni mwa baba. Limenyooka, mwanandani wake umechongwa vizuri. Nimefundisha habari za kaburi maisha yangu yote, nimeliza watu kwa habari hizo. Lakini nilipoliona lile na kujua ni langu, nilishika mlango wa gari. Sikukumbuka dua hata moja.

Ndipo dada yangu alipotoka ndani, ameshikiliwa na wanawake wawili. Hakuwa ameambiwa kwamba niko hai. Aliniona nimesimama.

“Lumbu,” akasema. Ndivyo tunavyoitana ndugu wa kiume na wa kike kwetu. Akasema tena, kwa sauti ndogo, “Lumbu yangu.” Kisha akaanguka.

Mwantumu ana presha ya siku nyingi. Walipomgeuza, mdomo wake ulikuwa umepinda na mkono mmoja haushiki. Zahanati ikasema hapa hapana, mpelekeni Korogwe, na msichelewe.

Kurudi Korogwe

Watu wengi wakitaka kusaidia husema wote kwa pamoja. Mmoja alileta godoro alitandike kwenye bodi kando ya jeneza. Mwingine akaita bodaboda, na kusema akae katikati, ashikiliwe.

Yohana alisikia neno hilo. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile.

“Hakai katikati. Nani kasema akae katikati?”

Neema alikuwa amekwisha kupanda kwenye bodi. Akakata kamba, akalisukuma jeneza hadi likaanguka chini, mbele ya shehe na ya watu wote.

“Liacheni hilo,” akasema. “Mleteni mama huku.”

Akafungua milango ya nyuma yote miwili. Tukamwingiza dada yangu kwa upande mmoja, nikampokea kwa upande wa pili. Alilala kwenye kiti kile ambacho jana yake sikutaka hata kukikalia. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, miguu imekunjwa kidogo tu, mpwa wangu amechuchumaa chini akimzuia asiteleze. Vioo vikafungwa, mvua ikaanza tena, ndani pakawa pakavu.

Njia nzima nilimsomea. Niliweza kumsikia akipumua. Nilipoacha kusoma ili nimsikilize, naye akafumbua jicho moja. Nikasema hewala, yupo. Nilijua wakati wote kwamba yupo.

Yohana alikaa mbele, hageuki. Tulipokuwa tumepita lile lori lililokwama, akasema, “Maalim.” Hakuniita Mzigua.

“Naam.”

“Mama Paulo angelala hivi.”

Mimi nilikuwa nimebeba jeneza kutoka Handeni, nimelizungusha Korogwe na Mnyuzi, nimeridhika kwamba maiti wetu hatatokeza miguu. Na mwenzangu, aliyefiwa, amekaa kando yangu siku zote hizo ananichekesha. Hakuna siku nilimuuliza yeye anaumizwa na lipi. Mimi niliumizwa na safari ya kurudi. Yeye aliumizwa na ile ya kwenda.

Dada alipokelewa Korogwe angali hai. Daktari alisema tumewahi, na kwamba kulala vile bila kurushwarushwa kumesaidia. Alhamdulillahi. Siku mdomo wake ulipoanza kurudi, neno la kwanza lililoeleweka aliniambia mimi.

“Kaburi lako lipo,” akasema. “Usije ukampa mtu.”

Kerenge hatukufika.

Kuhusu lile kaburi, maana mtaniuliza, wazee wa Magoma walitaka wazike mgomba ndani yake. Wanasema kaburi likichimbwa haliachwi na njaa. Niliwaambia katika dini hilo halina asili, wafukie tu udongo na tuombe dua. Wakaitikia vizuri sana. Nilipopita baadaye kumshukuru shehe, niliona mgomba mmoja nyuma ya nyumba umekatwa karibuni. Sikuuliza.

Nyumbani

Kijiji kilikusanyika kusikia neno letu. Wazee walikuwa wametulia, wakijua mimi ni mtu wao. Niliposema tuchukue ya milango minne, walidhani kaburi limenivuruga akili.

“Na jeneza?” akauliza yule aliyepima tangi kwa kamba. “Litakaaje?”

“Litatokeza,” nikasema. “Tutafunga kitambaa chekundu.”

“Sasa maiti wetu, Maalim?”

“Maiti ana mabega ya watu. Tangu zamani tunambeba, na tunagombania kumbeba kwa sababu kuna thawabu. Hapa sijaona mtu akimkimbia maiti. Mgonjwa ndiye hana mabega. Gari ni lake.”

Palikuwa na manung’uniko, sitaficha. Mzee mmoja mpaka leo anasema nilinunuliwa kwa chai na chapati. Lakini Yohana naye alisema neno lilelile, na neno letu ndilo lililokuwa la mwisho.

Neema alilileta gari mwenyewe. Watu walilizunguka, watoto wakajitazama kwenye vioo, vijana wakafungua injini. Tulisoma dua, upande wa kanisa nao wakaomba. Ikabaki kulijaribu. Nikamwambia Yohana, kwa kuwa yeye ni mtani na tulikwenda naye, aanze yeye.

Nilidhani atakaa mbele kwa mbwembwe. Alifungua mlango wa nyuma, akavua viatu akaviweka chini sawasawa, akapanda akalala chali kwenye kiti, mikono kifuani. Akafumba macho. Watu walisubiri achekeshe.

Kisha akanyoosha mguu mmoja kuelekea mlangoni, akapima, akaurudisha.

“Panatosha,” akasema. “Alikuwa mfupi kuliko mimi.”